Kutotoa Vifaranga kwa Majira ya Nairobi: Anza na Siku ya Kutoka kwenye Joto

Kuku akianza kulalia mayai mwezi wa Aprili, wengi humwachia kiota na kushukuru. Siku 21 baadaye vifaranga 10 wanatoka wakiwa wazima, na kufikia katikati ya Juni wamebaki watatu. Lawama huenda kwa mwewe, kwa chakula cha dukani, kwa dawa ya agroveti. Mara nyingi kosa lilishafanyika jioni ile mayai yalipowekwa chini ya kuku, kwa sababu hakuna aliyejiuliza vifaranga hao watakuwa na umri gani mvua na baridi zitakapowakuta.

Kifaranga wa wiki tatu za kwanza anaishi ndani ya joto unalomtengenezea wewe, au lile la mbawa za mama yake. Hali ya hewa ya nje haimfikii sana, na baridi ya kipindi hicho unaweza kuishinda kwa makaa au stima. Kipindi kinachoua ni wiki ya nne hadi ya nane. Joto limeondolewa, manyoya ya mgongo na kifua hayajajaa, kinga ya chanjo bado inajengeka, na siku nzima anachakura matandiko ambayo yakilowa tu huwa shamba la vimelea. Kwa hiyo tarehe ya kuichagua kwanza ni ile ya vifaranga kutoka kwenye joto. Ukishaipata, rudi nyuma wiki 6 za malezi na wiki 3 za kulalia, jumla siku 63. Hiyo ndiyo siku ya kuweka mayai. Miezi ya joto malezi hupungua hadi wiki 4, hivyo unarudi nyuma siku 49 tu.

Mwaka wa Nairobi kwa macho ya kifaranga

Maelezo mengi ya ufugaji yaliyoandikwa Ulaya na Marekani husema totoa majira ya kuchipua, siku zinaporefuka. Hapa achana nayo. Nairobi iko karibu sana na ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki robo saa, na kuku wa kienyeji hutaga na kulalia mwezi wowote. Kinachobadilika ni mvua na mawingu.

Mvua ya masika huanza kushika katikati au mwishoni mwa Machi na kuendelea hadi Mei, Aprili ukiwa ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Mvua ya vuli huanza kati au mwisho wa Oktoba mpaka Desemba mwanzoni, Novemba ukiongoza. Juni hadi Agosti ni baridi.

Hiyo baridi inahitaji kueleweka vizuri, maana wengi huikosea. Usiku wa Januari Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Usiku wa Julai hufika 10. Tofauti ya usiku ni ndogo mno. Tofauti kubwa ni mchana: Februari jua hupandisha joto hadi nyuzi 26 na zaidi, banda likakauka na kifaranga akajipasha, ilhali Julai mawingu hukaa siku nzima na joto haliendi mbali na 22. Banda lililopoa usiku halipati nafasi ya kupata joto wala kukauka, siku baada ya siku. Ndiyo maana anayezima balbu saa tatu asubuhi kwa kuwa "kumekucha" hupoteza vifaranga Julai, na mwenzake aliyefanya vivyo hivyo Februari hapati tatizo.

Mahali ulipo pia hubadilisha hesabu. Dagoretti, Kangemi na upande wote wa magharibi uko juu zaidi na una baridi kuliko Embakasi na Ruai. Ongeza wiki moja ya joto huko. Mashariki nako kuna shida yake: udongo mweusi wa Utawala na Ruai hushika maji, na baada ya mvua kubwa uwanja hubaki tope kwa siku nyingi. Aliye kwenye udongo huo na bila banda la kuinuliwa angalau futi 2 asitoe vifaranga nje kabisa kati ya Aprili na Mei.

Tarehe zenyewe

Nafasi bora ya mwaka ni kuweka mayai kati ya 15 Desemba na 6 Januari. Vifaranga hutotolewa kati ya 5 na 27 Januari. Waliototolewa 27 Januari huachana na joto 24 Februari wakiwa na wiki 4, kisha wanapata wiki tatu hivi za jua na vumbi kavu kabla ya masika. Mvua ikianza wana manyoya kamili na chanjo zote za mwanzo. Majike yao huanza kutaga Juni au Julai. Majogoo ya kienyeji halisi, yanayohitaji kama miezi 6, hufika sokoni mwishoni mwa Julai, tayari kwa harusi na ruracio (sherehe za mahari) za Agosti. Ukisogeza tarehe ya kuweka mayai hadi mwisho wa Januari, ile faida yote inapotea: utakuwa na vifaranga wa wiki 4 siku mvua ya kwanza inapogonga mabati.

Nafasi ya pili ni kuweka mayai kati ya 12 Julai na 10 Agosti. Hapa wengi hushtuka, kwa kuwa ni katikati ya baridi. Lakini hesabu inakubali. Mayai ya 12 Julai hutotolewa 2 Agosti, na vifaranga hutoka kwenye joto 13 Septemba, wakati jua limerudi, ardhi ni kavu, na mvua ya vuli bado iko mbali kwa mwezi mzima au zaidi. Utatumia makaa mengi Agosti, ndiyo, lakini baridi hiyo inawakuta wakiwa ndani. Na kuna zawadi: kuku wa kienyeji aliyeboreshwa, kama wale wa KALRO Naivasha (kituo cha serikali cha utafiti wa mifugo), huwa na wiki 20 tarehe 20 Desemba. Hiyo ndiyo wiki ya kuuza jogoo Nairobi.

Anayefuga kienyeji halisi kwa ajili ya Krismasi yuko pabaya zaidi. Wiki 26 kabla ya 20 Desemba ni 21 Juni, maana yake mayai yawekwe 31 Mei na vifaranga watoke kwenye joto Agosti mapema, baridi bado ipo. Inawezekana ukiwa na banda zuri na ukawapa joto wiki 7. Kama huna, tunashauri uiache Krismasi na ulenge Agosti kwa vifaranga wa Januari.

Pasaka huhama kila mwaka, hivyo ihesabu upya. Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi. Wiki 20 nyuma ni 8 Novemba 2026, na mayai huwekwa 18 Oktoba. Vifaranga watalelewa mvua ya vuli ikinyesha na kutoka kwenye joto karibu na 20 Desemba, mvua ikiwa imekwisha au inaisha. Ni nafasi ya wastani. Inafaa kwa mwenye sakafu kavu.

Kuanzia 1 Machi hadi katikati ya Mei usiweke mayai. Vifaranga wa kipindi hicho hukutwa na tope wakiwa wadogo na baridi wakiwa wanatoka kwenye joto, yote mawili kwa zamu. Uza mayai, kula mayai, wape kuku pumziko.

Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli. Usome kabla hujaweka mayai. Mvua ikitabiriwa kuwahi, sogeza tarehe zako mapema kwa wiki moja au mbili.

Kumfanya kuku afuate kalenda yako

Kuku halalii kwa sababu wewe una tarehe. Lakini unaweza kumchelewesha, na unaweza kuwafanya watatu au wanne waanze siku moja.

Jike lililo tayari hubaki kwenye kiota hata usiku, hujivimbisha ukilikaribia, hutoa sauti nzito ya kukokoa na hung'oa manyoya ya kifuani. Ikiwa tarehe yako bado wiki moja au mbili, mwachie mayai mawili ya bandia au yaliyochemshwa, na uondoe mayai halisi kila jioni. Wa pili na wa tatu wakianza, nao wape ya bandia. Siku ikifika, giza likiingia, toa ya bandia na umwekee kila mmoja mayai halisi kwa pamoja. Usimshikilie kuku kwa mayai ya bandia zaidi ya wiki mbili. Anakonda, kwa kuwa wakati huo hula mara moja tu kwa siku, na atakuwa bado na siku 21 mbele yake. Vifaranga wakitoka siku moja, unaweza kuwapa majike wawili malezi ya wote na wa tatu akarudi kutaga.

Akianza kulalia mwezi wa Machi, mkatize. Mweke kwenye tundu lenye sakafu ya wavu, lililoinuliwa ili hewa ipite chini ya tumbo, akiwa na maji na chakula, siku 3 au 4. Tumbo likipoa hamu huisha. Kumchovya kwenye maji baridi, kama wafanyavyo baadhi, ni kumtesa, na wakati wa mvua kunaweza kumletea mafua.

Kuku wa ukubwa wa kawaida hufunika mayai 10 hadi 13. Kuanzia Juni hadi Agosti mpe 9 au 10. Yale ya pembeni hupoa kila anapogeuka, na kila yai lililopoa huzunguka hadi katikati na kulisukuma jingine nje. Kiota kiwe sentimita 35 kila upande, chini uweke udongo mkavu uliobonyezwa kati, kisha majivu kidogo dhidi ya utitiri, kisha nyasi kavu. Utitiri ndio sababu kubwa ya kuku kukimbia mayai yaliyofika nusu. Chunguza kiota usiku kwa tochi: vidoa vyekundu vinavyotembea kwenye nyufa za mbao ndio utitiri wenyewe.

Kusanya mayai ya kutotoa kwa siku zisizozidi 7, uandike tarehe kwa penseli, uyapange ncha nyembamba ikiangalia chini. Julai chumba chochote kisicho na jua kinatosha. Februari chumba chenye dirisha la jua hupita nyuzi 24, na yai lililo katika joto hilo huanza kukua kidogo kidogo halafu hufa kabla hujalipa kuku. Yaweke sakafuni, kwenye kona yenye baridi kuliko zote nyumbani. Usiyaoshe. Jogoo mmoja asiwe na majike zaidi ya 10.

Anayetumia mashine ya kutotolea yenye feni aiweke kwenye nyuzi 37.5, unyevu wa asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha aache kugeuza mayai na kupandisha unyevu hadi 65 au 70. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na yai hapa hupoteza maji haraka kuliko Mombasa. Januari na Februari, hewa ikiwa kavu, trei ya maji huisha mapema, hivyo itazame asubuhi na jioni. Mulika mayai siku ya 7: yaliyo angavu kama siku ya kwanza yatoe. Stima ikipotea, usifungue mashine. Ifunike kwa blanketi lakini matundu ya hewa yabaki wazi. Mayai ya baada ya siku ya 14 huvumilia saa chache kwa sababu vifaranga ndani tayari wanatoa joto lao, lakini baada ya siku hiyo pia hewa ndiyo wanayoihitaji zaidi.

Ukiweka mayai Ijumaa jioni, vifaranga watatoka Alhamisi usiku hadi Ijumaa, na wikendi utakuwa nyumbani siku mbili ambazo ni muhimu kuliko zote.

Bruda ya miezi ya baridi

Bruda ni boma la kulelea vifaranga kwenye joto, na liwe la duara, kwa kuwa kwenye kona ndiko hukandamizana hadi kufa. Nunua hadibodi moja ya futi 8 kwa 4, uikate kwa urefu upate vipande viwili vya futi 8 kwa 2. Kimoja kikiviringishwa hutoa duara la kipenyo cha futi 2 na nusu, linalotosha vifaranga 25 wiki mbili za mwanzo. Viwili vikiunganishwa kipenyo kinakuwa futi 5: vifaranga 80 wiki mbili za mwanzo, au 45 mpaka wiki ya nne. Chini tandika maranda makavu ya mbao, sentimita 5 miezi ya joto, 8 hadi 10 kuanzia Juni hadi Agosti, kwa kuwa saruji hunyonya joto miguuni. Vumbi la mbao lisitumike, vifaranga hulila.

Pima joto kwenye kimo cha mgongo wa kifaranga, si ukutani. Wiki ya kwanza nyuzi 33 hadi 35, kisha punguza 3 kila wiki: 30, 27, 24, 21. Balbu ya joto ya wati 250 inahudumia vifaranga 50, ikining'inizwa sentimita 45 juu ya maranda, na ikiwaka usiku na mchana hula yuniti 6 za stima kwa siku. Ziweke kwenye hesabu kabla ya kununua tokeni.

Wanaotumia jiko la makaa waliwashe nje mpaka makaa yawe mekundu kote, bila moshi wala mwali wa buluu, ndipo waliingize na kuyafunika kwa majivu ili yadumu. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Huua vifaranga na huua watu, kwa hiyo bruda ya makaa isiwe kamwe chumba wanacholala watu, na juu ya ukuta, chini ya mabati, pabaki pengo la sentimita 15. Upepo wa Nairobi kwa kawaida hutoka mashariki; ziba upande huo kwa gunia, uache pengo upande wa magharibi. Kuziba kila kitu kwa nailoni ndilo kosa la kila Julai: asubuhi hewa inawasha macho, maranda yamelowa kwa pumzi, na baada ya siku chache vifaranga wanakoroma.

Saa kumi alfajiri ndiyo saa ya kuamka. Hapo baridi inakaribia kufika chini kabisa na makaa yamekwisha nguvu. Washa tochi uwaangalie kabla hawajashtuka. Waliolala wametawanyika, shingo zimenyooka, wako sawa. Waliorundikana chini ya joto wakilia kwa sauti kali wana baridi. Waliokimbilia ukingoni wakihema midomo wazi wamezidiwa na joto. Wakirundikana upande mmoja tu, kuna upepo unaingia mkabala nao. Kisha mchukue mmoja, uiweke miguu yake shavuni mwako. Miguu ikiwa baridi, kifaranga amepoa hata kama kipimajoto kinasema vizuri, na kifaranga aliyepoa hali, hata chakula kikiwa mbele yake.

Kuwatoa kwenye joto hufanywa kidogo kidogo. Anza na saa 3 za adhuhuri, siku mbili tatu, kisha mchana wote, kisha usiku. Septemba na Februari inaanza wiki ya nne. Julai subiri ya sita, na uangalie mgongo: ukiona ngozi kati ya mbawa, bado. Wanaolelewa na mama wakae naye wiki 8 wakati wa baridi. Majira ya joto wanaweza kutengwa wiki ya 4 au 5 ili jike lirudi kutaga.

Mvua, maranda na damu kwenye kinyesi

Koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuhara damu, huwashika zaidi vifaranga wa wiki 3 hadi 6, na vimelea vyake vinahitaji joto na unyevu ili vikomae kwenye matandiko. Banda lenye maranda yaliyolowa Aprili linavipa vyote. Chota maranda konzi moja chini ya chombo cha maji, ukamue, ufungue kiganja. Yakibaki donge, yamelowa. Yatoe hapo hapo. Yakiachana polepole, ni sawa. Inua chombo cha maji juu ya tofali au kipande cha wavu, kimo cha mgongo wa kifaranga, ukipandishe kila wiki. Ukiona damu, kuinama na mbawa kushuka, nenda agroveti siku hiyo hiyo upate amprolium ya kwenye maji. Ukisubiri kesho, unaweza kupoteza wengi. Kubadilisha maranda ni sehemu ya tiba, maana dawa peke yake inashindana na sakafu.

Chakula nacho huharibiwa na mvua. Kifaranga mmoja hula karibu kilo 2 za chiki mashi, chakula cha vifaranga cha dukani, katika wiki 8 za mwanzo. Wakati wa masika nunua cha wiki mbili tu kwa wakati mmoja, ukiweke juu ya mbao mbali na ukuta. Chakula chenye madonge au harufu ya uvundo kina kuvu, na sumukuvu haitoki kwa kukianika.

Chanjo hufuata umri, lakini kalenda inakuambia ipi usicheze nayo. Ratiba inayofuatwa na wengi: Newcastle, au kideri, siku ya 7, Gumboro siku ya 10 hadi 14 na kurudia siku ya 18 hadi 21, Newcastle tena wiki ya 4 na ya 8, ndui wiki ya 6. Ndui huenezwa na mbu, hivyo vifaranga wa Novemba wasikose sindano ya bawa. Baada ya siku 7 hadi 10 kagua bawa, na pasipokuwa na uvimbe au kigaga, chanjo haikushika, irudiwe. Newcastle iwe imekamilika kabla ya Desemba, kuku wanapozunguka kutoka soko hadi soko na kila mgeni anakuja na jogoo mkononi.

Chanjo ya maji huuawa na klorini ya maji ya bomba. Tia gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, uache kidogo, ndipo uchanganye chanjo. Waondolee maji saa moja au mbili kabla, na wayamalize ndani ya saa 2. Chupa moja huwa ya vifaranga wengi kuliko ulio nao, na haiwekwi ikishachanganywa. Kwa hiyo kabla ya kuweka mayai, ongea na majirani wawili watatu muweke siku moja. Mtagawana chanjo, mtagawana gharama, na siku ya 7 mtakuwa na vifaranga wa umri mmoja mtaa mzima.